Wazazi Wafika, Mwana Havui Sare

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, mji mdogo wa Annapolis katika jimbo la Maryland, Marekani, hufurika wageni. Hao si watalii wala wafanyi biashara. Ni akina mama na akina baba, mabibi na mababu, waliotoka kila pembe ya nchi ile kubwa, kuja kuwatazama watoto wao ambao hawajawatia machoni kwa muda wa wiki sita hivi. Watoto hao wameingia Chuo cha Maofisa wa Jeshi la Wanamaji, chuo kilichofunguliwa mwaka 1845, nao wamo katika daraja ya chini kabisa. Kwa lugha ya chuoni huitwa plebe, neno lenye asili ya Kirumi cha kale, maana yake makabwela. Sisi tungewaita makurutu, na tusingekosea sana.

Mzazi afikapo pale na furaha yake na vikapu vyake, kuna kanuni inayomngoja. Mwanao utampata, utakwenda naye mjini, utakula naye, utapiga naye picha mpaka uchoke. Lakini nguo za nyumbani hatavaa. Atatoka bwenini na sare, atatembea mjini na sare, na jioni atarejea na sare ile ile. Kama umemletea shati jipya la kupendeza, basi jua mji wa Annapolis hautaliona shati hilo. Wanafunzi wa madaraja ya juu, kadiri wanavyopanda, hupewa ruhusa ya kuvaa kiraia watokapo matembezini. Kurutu bado.

Nataka tuizungumze kanuni hii, msomaji wangu, kwa sababu watu wa pwani siku hizi wametapakaa ulimwenguni, na watoto wao wengine wamezaliwa huko huko na wamekuwa raia wa huko. Isitoshe, sisi ni watu tunaojua nguo. Mswahili humsoma mtu kwa kanzu yake na kofia yake kabla hajafungua kinywa kutoa salamu. Kwa hivyo neno la nani avae nini, mbele ya nani, si neno geni kwetu.

Ili kuielewa siku ya wazazi yafaa kwanza tuiangalie siku ya kuingia. Vijana zaidi ya elfu moja hufika mara moja, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Asubuhi kila mmoja ana mtindo wake wa nywele na viatu vyake alivyochagua dukani. Kabla ya jua kuchwa, wavulana wote wamenyolewa, wote waume kwa wake wamepewa mavazi meupe, na kichwani wana kofia ndogo ya baharia yenye ukingo wa buluu, alama ya kurutu. Jioni hula kiapo. Wazazi wanaowatazama hupapasa kwa macho, ni yupi wangu? Mama aliyemzaa mtoto na kumlea miaka kumi na minane humtafuta katika safu kama mtu atafutaye punje moja ya mchele katika pishi.

Baada ya hapo ni majira mazima ya kuamshwa alfajiri, kukimbia na kupiga gwaride. Ndani ya Bancroft Hall, bweni moja linalowachukua wanafunzi wote wa chuo, wapatao elfu nne na zaidi, kurutu hatembei apendavyo. Hupita katikati ya ujia, na afikapo penye kona hugeuka kwa pembe kama sanduku. Ana kitabu kidogo kiitwacho Reef Points, ambacho hana budi kukihifadhi kwa moyo, na mkubwa wake akimuuliza ajibu pale pale bila ya kugugumiza. Sisi tuliokaa jamvini tukasomeshwa juzuu kwa kusikilizwa, fimbo ya maalim ikiwa ukutani, twajua jambo hilo lina ladha gani. Simu za kuzungumza na jamaa huwa chache, zenye kuhesabika.

Chuo cha Annapolis si peke yake katika haya. West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu kilichoanzishwa mwaka 1802, kina sare ya kijivu tangu 1816, na siku ya kupokea wageni wapya wazazi wamekuwa wakipewa muda usiofika dakika mbili kuagana na watoto wao. Dakika mbili! Sisi kwetu hata kumuaga mtu aendaye Kilifi twachukua nusu saa mlangoni. Chuo cha jeshi la anga kule Colorado, kilichoundwa mwaka 1954, hualika wazazi mwanzoni mwa Septemba, na huko nako kijana wa mwaka wa kwanza hupatikana akiwa ndani ya nguo za dola.

Sasa kwa nini wasimwache mtoto avae fulana yake siku mbili tatu, akapumua? Wakubwa wa majeshi wana majibu yao: nidhamu, umoja, sura ya chuo mbele ya watu. Hayo ni kweli. Lakini mimi naona jibu lenyewe liko ndani zaidi, na babu zetu walilijua. Zamani mzazi alipompeleka mtoto chuoni kusoma Kurani, alimshika mkono akamkabidhi maalim, akasema: "Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake, mfunze, mtie adabu, mchape ikibidi, lakini unirudishie akiwa mzima. Tangu saa ile mtoto alikuwa amana. Mama akipita nje ya dirisha la chuo akamwona mwanawe amekaa kitako na kofia yake kichwani, hakuthubutu kuingia akamwambia, "Vua hiyo, mwanangu, utaona joto." Angeingia, angeivunja ile amana kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni ya Annapolis ni hiyo hiyo, ila imeandikwa kwa Kiingereza na kutiwa muhuri. Siku ya wazazi ndiyo siku ya hatari kwa chuo. Kijana amekaa wiki sita akijifunza kuwa mtu mwingine. Akivaa suruali yake ya zamani, akalala kwenye kochi miguu juu, mama akamwita kwa jina la utotoni, kazi yote huenda ikamwagika kama maji ya mtungi uliotoboka. Sare humkumbusha yeye na humkumbusha mama vile vile. Nayo ina jambo jingine la haki ambalo mimi nalipenda: huwasawazisha. Mtoto wa tajiri wa New York na mtoto wa mvuvi wa Louisiana, wazazi wao wakiingia uwanjani, hutazama vijana waliovaa sawa kuanzia chepeo hadi kiatu. Silinganishi gwaride na ibada, Mola aniepushie, lakini aliyekwenda Makka akavaa shuka mbili nyeupe pamoja na mawaziri na wachukuzi hatahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Na sare yenyewe ya siku hiyo ni nyeupe. Shati jeupe la mikono mifupi, suruali nyeupe, viatu vyeupe, chepeo jeupe. Aliyewahi kuvaa kanzu siku ya Idi akapakuliwa sinia ya biriani ameshajua naelekea wapi. Zafarani na manjano hazina huruma na nguo nyeupe. Kurutu aliyeshuka mjini na doa la mchuzi kifuani hana nguo ya kiraia ya kujificha ndani yake. Atarejea langoni na doa lake, na mkubwa wake atamngoja pale. Tena sare hizo si za bure. Wanafunzi wa chuo kile hulipwa mshahara mdogo, na gharama ya nguo hukatwa humo humo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hii ni ajabu nyingine: nguo umeinunua mwenyewe, na amri ya lini uivue si yako.

Yako mambo madogo madogo ambayo mzazi wa pwani akiyaona bila ya kuelezwa atakasirika bure. La kwanza ni mkono wa kushoto. Mwanajeshi aliyevaa sare hubeba vitu kwa mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru kupiga saluti. Sasa fikiri, bibi amesafiri bahari mbili, anamkabidhi mjukuu kikapu cha mahamri, na mjukuu anaonekana akitembea nacho kushoto mbele za watu. Kwetu kupokea kwa kushoto ni utovu wa adabu wa kutosha kuzungumzwa mwaka mzima. Kijana mwenye akili hupokea kwa kulia, akashukuru, kisha akahamisha. Mambo mawili yote yametimia na hakuna aliyeudhika.

La pili ni kukumbatiana. Aliyevaa sare hatembei akishikana mikono na mtu wala kumtia mkono kiunoni. Kukumbatiana kwa salamu, mtu na mamake, hakukatazwi. Mama aweza kulia begani mwa mwanawe kwa kipimo. Katika hili sisi na hao wanamaji tuko karibu kuliko tunavyodhani, kwani wazee wetu pia hawakupenda mahaba ya barabarani. Na kijana akitaka kumwongoza bibi yake njiani, humpa kiwiko akashika. Kula huku watembea nako hakutakiwi, na hapo nasema ahsante. Laiti amri hiyo ingefika huku kwetu.

La tatu ndilo lenye uzito: kofia. Kwa mwanamaji wa Marekani, chepeo huvaliwa nje na huvuliwa ndani. Akiingia nyumbani, hotelini, mkahawani, mara moja hulitoa. Anayebaki nalo ndani ni yule aliye zamuni na silaha. Kichwa wazi ndani ya nyumba, kwao, ni heshima kwa wenye nyumba. Kwetu mambo ni kinyume. Maalim wetu alikuwa akituangalia kichwa kabla ya kuangalia msahafu, na asiye na kofia alirudishwa nyumbani. Mzee akija kuposa, akiingia msikitini au akienda kutoa mkono wa tanzia, kofia iko mahali pake. Tangu zamani dunia imekuwa ikituona hivyo. Mwaka 1840, miaka mitano kabla ya chuo cha Annapolis kufunguliwa, jahazi la Sayyid Said liitwalo Sultana lilitia nanga New York likiongozwa na Ahmad bin Na'aman. Wanamaji wa Marekani walilifanyia matengenezo makubwa katika gudi lao kama zawadi, na mchoraji wa huko akamchora Ahmad bin Na'aman akiwa na kilemba chake. Picha ile ingaliko, na kilemba kingaliko.

Ndipo nifike kwa bibi mmoja, jirani yangu hapa Mji wa Kale, ambaye binti yake ameolewa na kukaa Marekani miaka mingi. Mjukuu wake aliingia Annapolis, na bibi alikuwa amepata viza ya kwenda siku ya wazazi. Alinijia jioni na kofia mkononi, kofia ya kutungwa kwa sindano, kazi ya miezi, na kanzu iliyokunjwa ndani ya karatasi.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe wasoma magazeti ya Wazungu. Mama yake kijana anipigia simu asema nisichukue kanzu, hataruhusiwa kuivaa. Hivi huyo mtoto amekuwa Nasara?"

"La, mamangu," nikamwambia. "Amekuwa kurutu."

Hakucheka. Nikamweleza habari za amana na maalim, akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mumewe marehemu alikuwa baharia. Kanzu akaiweka kando mwenyewe. Lakini kofia hakuiweka. Aliigeuza mkononi akaniuliza: "Na akisali?"

Swali hilo ndilo swali lenyewe, na si la bibi peke yake. Jibu lake huko Marekani limepiganiwa mahakamani. Simcha Goldman alikuwa kapteni katika jeshi la anga, mtaalamu wa maradhi ya akili na tena rabi wa Kiyahudi. Alikuwa akivaa kikofia cha dini yake akiwa kazini ndani ya jengo. Wakubwa wakamkataza kwa kanuni hiyo hiyo ya kichwa wazi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1986 alishindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Waamuzi wengi walisema jeshi ndilo lijualo sare yake. Bunge la nchi ile likaona sivyo, na mwaka 1987 likapitisha sheria ya kuwaruhusu wanajeshi kuvaa vazi la dini likiwa nadhifu, la kiasi, na lisilozuia kazi. Basi Mwislamu anayetia kofia kichwani leo katika kambi ya Marekani hunufaika na jasho la Myahudi. Mambo ya dunia yana mafundo.

Baadaye milango ilifunguka zaidi. Mwaka 1993 jeshi la nchi kavu likapata imamu wake wa kwanza rasmi, Abdul-Rasheed Muhammad, na mwaka 1996 wanamaji wakapata wao, Monje Malak Abd al-Muta'ali Noel. Na kwa ibada yenyewe kanuni ni nyepesi: mtu akiwa katika sala au ibada ya dini yake, huvaa kofia ya dini yake. Kwa hivyo nilimjibu bibi kwamba mjukuu akisali atavaa. Chepeo halifai kusujudu nalo kwa vyovyote, ule ukingo wa mbele hauachi paji la uso lifike chini.

Lakini nisidanganye kwamba kila kitu ni asali. Simratpal Singh, kijana wa Kisikh, aliingia West Point mwaka 2006 na ilimlazimu kuvua kilemba na kukata nywele na ndevu ambazo dini yake humwamuru kuziacha. Alihitimu 2010, akapigana Afghanistan, akapewa nishani, na hadi mwisho wa 2015 ndipo aliporuhusiwa kuvirudisha. Jeshi la nchi kavu lililegeza masharti mwaka 2017, likataja vilemba, ndevu na hijabu kwa majina yao. Kisha upepo ukageuka tena: Septemba 2025 waziri wao Pete Hegseth aliwakusanya majenerali Quantico akatangaza kubana ruhusa za ndevu. Ruhusa iliyotolewa kwa karatasi huweza kufutwa kwa karatasi.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi, kwa maana kofia ya mwanamume ni adabu na sunna, na ushungi wa mwanamke ni sitara. Vyuo vya maofisa vilianza kupokea wasichana mwaka 1976. Mwaka 2016 msichana mmoja Mwislamu aliomba vyuo viwili vya kijeshi vimruhusu kuvaa hijabu pamoja na sare. Kimoja, The Citadel cha South Carolina, kilimkatalia kwa hoja kwamba sare ni moja kwa wote. Cha pili, Norwich cha Vermont, kilikubali. Norwich ni chuo cha tangu 1819, kikongwe kuliko The Citadel, na sikusikia kwamba gwaride lake limeharibika.

Hapa ndipo mimi naachana na wakubwa wa sare. Mtoto kunyimwa suruali yake ya jinzi siku ya wazazi, nakubali. Kanzu akaiache kabatini, nakubali. Hayo ni mambo ya mila na raha, na amana ina masharti yake. Lakini binti kuambiwa achague baina ya chuo na sitara yake si nidhamu tena. Mzazi aliposema "nyama yako" hakukusudia imani. Chuo kinachodai usawa wa mavazi kinaweza kushona ushungi wa rangi ya sare, ukatiwa vipimo na sharti la kupigwa pasi kama kila kitu kingine, na usawa ukabaki.

Wala tusiwanyoshee Wamarekani kidole peke yao. Hapa kwetu Kenya tunazo siku zetu za wazazi katika shule za bweni, twenda na sufuria za pilau, na watoto hutujia na sare. Juu ya sare hizo tumekwenda mahakamani pia. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu; Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa. Wazazi wetu wengi wangali wakiuliza swali la yule bibi, na hawakuhitaji viza kuliuliza.

Bibi alisafiri. Biriani ilifutwa katika orodha, mahali pake yakaingia mahamri na mkate wa sinia, vitu vikavu visivyotia doa. Kanzu ameiacha kwa binti yake, kijana ataivaa likizo ya Disemba akiwa nyumbani. Kofia aliichukua katika mkoba wake wa mkononi, imekunjwa mara mbili.